Nani Aliyemrudisha Otmari?

"Mtoto ataitwa Filbert," alisema Mama Mkubwa Filberta, "na asiyetaka anioneshe mkono wake uliosugua sufuria ya Otmari kwa miaka kumi na saba."

"Sufuria umesugua, sikatai," alijibu Mzee Kosmas. "Lakini sufuria haitembei, mama Winfrida. Nani alimnyanyua pale kwenye kigoda? Mtoto ataitwa Kosmas."

"Ulimnyanyua wewe, au ng'ombe wa watu ndio waliokunyanyua wewe? Ungekwenda kukusanya maziwa hata Otmari asingekuwepo duniani."

"Na wewe ungepika hata asingekuwepo. Au ulikuwa huli?"

Waligombana hivyo sebuleni kwetu asubuhi, chai ikipoa mezani. Mtoto mwenyewe alikuwa chumbani na mama yake, Winfrida, binti wa Mama Mkubwa. Alikuwa na siku sita. Kitovu kilikuwa kimedondoka, na katika ukoo wetu kitovu kikidondoka mtoto hutolewa nje, lakini havuki mlango bila jina. Bibi humbeba, husimama kizingitini, huliita jina mara moja kwa sauti ya kufika kwa jirani, ndipo mtoto huliona jua. Siku hiyo majirani walikuwa wameshajaa uani.

Sasa nisikilizeni, wakubwa na wadogo, na anayetafuna atafune polepole. Mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie kwamba hakusikia vizuri.

Ukoo wetu una desturi nyingine. Mtu wa nyumba akirudishwa kutoka mdomoni mwa kaburi, mtoto wa kwanza kuzaliwa baada yake hupewa jina la aliyemrudisha. Hatutoi mbuzi wala shuka. Tunatoa jina. Mwenye jina huwa somo wa mtoto, na somo kwetu ni ndugu: ana kiti chake harusini na msibani, na kikao cha ukoo hakianzi kabla hajafika. Jina ni moja, halikatwi vipande.

Aliyerudishwa alikuwa Mjomba Otmari, mdogo wake Mama Mkubwa. Waliomrudisha walikuwa watatu, au ndivyo watu walivyohesabu.

Nesi Eusebia wa zahanati yetu alikuwa na masikio. Ukimwambia unaumwa, alikusikiliza mpaka umalize, hata kama foleni imefika barabarani.

Mama Mkubwa Filberta alikuwa na mikono. Hakuna kilichoingia jikoni mwake kikatoka kama kilivyoingia.

Mzee Kosmas, jirani yetu, alikuwa na miguu. Kila asubuhi alizunguka nyumba ishirini za wafugaji na ndoo zake mbili, akapeleka maziwa kituoni. Hakuwahi kununua baiskeli. Alisema huku milimani Umatengo baiskeli ndiyo inayompanda mtu.

Mjomba Otmari aliugua akili akiwa na miaka ishirini na miwili. Alisikia sauti za watu wasiokuwepo, zikimtukana na kumwamuru akimbilie msituni. Alilazwa hospitali ya mbali miezi minne, akarudi na kadi ya kliniki na sindano ya kila mwezi. Dawa zilimsaidia sana. Sauti hazikuisha, ila zilishuka, zikawa kama redio ya nyumba ya pili. Akaanza kulala na akaacha kukimbia.

Lakini dawa zilikuja na njaa. Alikula akashiba, na nusu saa haijapita akatamani tena. Hapa ndipo tulipokosea, nami nikiwemo. Tulifurahi. Mtu aliyetoka hospitali akiwa mifupa, sasa vifungo vya shati havifiki: kwetu huo ndio ulikuwa ushahidi kwamba amepona. Wageni walipokuja, Bibi Batilda, mama yake, alimwita asimame wamwone. "Mtazameni Otmari wangu alivyonawiri," alisema, na Mjomba aligeuka huku na huku kama nguo mpya. Mama Mkubwa alimjazia sahani mara mbili na kumtilia sukari vijiko sita kwenye chai. Kwenye sherehe, vipande vya nguruwe vyenye mafuta mengi viliwekwa pembeni kwa ajili yake. Tulimpenda, na mapenzi yetu yalikuwa ya kumjaza.

Kijiji nacho kilimjaza moshi. Mjomba alipasua kuni za nusu ya kijiji, na mtu mwingine yeyote angelipwa kama mtu. Yeye alipewa sigara mbili na kikombe cha chai. "Mpe sigara, inamtuliza," walisema. Nilikuwa naamini maneno hayo. Siku hizi naona ilikuwa inawatuliza wao, kwa sababu mtu mwenye sigara mdomoni haulizi kitu kingine. Na hawakumwita Otmari. Walimwita Chizi. "Chizi, njoo uchote maji." Watoto wadogo walidhani ndilo jina aliloandikishwa kanisani.

Alipofika miaka thelathini na minane, alianza kuhema akipanda ngazi tatu za kanisa. Miguu ilivimba, ukibonyeza kidole shimo lilibaki. Kifua kilimbana. Alikwenda zahanati mara tatu, na mara mbili nilimpeleka mimi, maana nilikuwa nimeshatolewa shule na niko nyumbani. Tabibu wa wakati ule aliitazama kadi ya kliniki ya akili, hakumtazama mwenye kadi.

"Kifua? Hayo ni mawazo yake," aliniambia mimi, kana kwamba Mjomba ni mzigo niliobeba. "Mwambie mama yako mkubwa asisahau sindano yake. Nampa dawa ya usingizi."

Mashine ya kupimia presha ilikuwa mezani, hatua moja kutoka alipokaa Mjomba. Mama mjamzito akija, anavalishwa. Mzee akija na kikohozi, anavalishwa. Mjomba Otmari aliingia chumba kile kila mwezi kwa miaka saba ya tabibu yule na mashine ile haikugusa mkono wake hata mara moja. Kama ingekuwa imeharibika, au haipo, nisingekuwa na hasira hii. Ilikuwepo. Ilifanya kazi. Kuna mtu aliamua, bila hata kufikiri kwamba anaamua, kwamba mwenye ugonjwa wa kichwani hana moyo kifuani.

Kisha tabibu yule akahamishwa, akaja Nesi Eusebia.

Mwezi wake wa kwanza, Mjomba alichomwa sindano yake, akabaki amekaa.

"Kuna kingine, kaka?" aliuliza Eusebia.

Mjomba alitazama sakafu. Hakuwa amezoea kuitwa kaka na mtu mwenye sare. "Kuna mtu amenikalia hapa," akasema, akigusa kifua.

Mwingine angeandika: bado anasikia watu. Eusebia aliuliza, "Ni mzito?"

"Kama gunia la kahawa."

"Anakukalia wakati gani? Ukilala, au ukipanda mlima?"

"Nikipanda. Nikisimama anashuka kidogo, ananisubiri."

Eusebia alimvalisha mashine. Ikasoma mia moja tisini kwa mia moja kumi na nane. Alipima mkono wa pili, kisha wa kwanza tena. Akaandika barua ya hospitali, na kwa sababu alijua watakachosema kule, akaongozana naye siku yake ya mapumziko. Na kweli, mapokezini waliposoma kadi walisema apelekwe kitengo cha akili.

"Akili yake ninaijua, tunaitibu kila mwezi," alisema Eusebia. "Leo nimeleta kifua."

Walimpima. Daktari alisema moyo umechoka kwa kusukuma kuliko uwezo wake, sukari nayo imeanza kupanda, na akiendelea hivi hatamaliza mwaka. Wakarudi na vidonge vya presha.

Mama Mkubwa aliposikia kwamba njaa ya Mjomba ilitokana na dawa za akili, alichukua kadi ya kliniki akaificha chini ya godoro. "Basi ziachwe," alisema. "Haziwezi kumponya kichwa zikamuua kifua." Eusebia alikuja nyumbani, akaketi jikoni kwenye gogo, akamsikiliza mpaka alipomaliza kulia. Kisha akasema, "Mama, ukimwachisha dawa za akili utampoteza msituni. Ukimwacha na presha utampoteza kitandani. Dawa zote anazihitaji. Tutakachobadilisha ni sahani, sigara na miguu, na hiyo si kazi yangu peke yangu." Mama Mkubwa akainua godoro.

Haya ndiyo aliyofanya Eusebia. Bila yeye, tusingejua kitu mpaka siku ya mazishi, na hata hapo tungesema, masikini, akili zilimzidi.

Sasa Mama Mkubwa. Siku ya kwanza alimpikia Mjomba peke yake, ugali wa kiganja, mboga ya majani bila mafuta, maharage bila chumvi. Sisi wengine tulikula kama kawaida. Mjomba alisukuma sahani. "Mkinipa chakula changu peke yangu mnanitangaza," alisema. "Kutangazwa nimechoka." Mama Mkubwa aliirudisha sahani jikoni. Kesho yake alibadilisha chungu chote. Wote tukala alichokula Mjomba: mboga nyingi, ugali mdogo, maharage yaliyoungwa kwa nyanya, chai isiyo na sukari. Nyumba ililalamika kuliko kijiji kikipandishiwa kodi. Bibi alificha chumvi kwenye pindo la kitenge chake, akawa anajinyunyizia kidogo akidhani hatumwoni. Mama Mkubwa alimfungua pindo mbele yetu sote.

"Mimi ni mama yako," alisema Bibi.

"Na yeye ni mwanao," alisema Mama Mkubwa, akamwaga chumvi majivuni.

Msibani kwa jirani, wanaume waliokaa kwenye benchi walimwekea Mjomba sinia zima la mafuta ya nguruwe wamtazame anavyokula, maana ilikuwa burudani yao. "Mwacheni Chizi afaidi," mmoja alisema. Mama Mkubwa alitoka upande wa wanawake, akapita katikati ya wanaume wote, akalibeba sinia, akaliweka mapajani mwa yule aliyesema. "Faidi wewe," alimwambia. "Tukuangalie." Kwa jambo hilo alisemwa mwezi mzima, kwamba hana adabu msibani. Wao waliokusanyika kumcheka mgonjwa anavyojiua kwa kula, hao hawakusemwa.

Haya ndiyo aliyofanya Mama Mkubwa. Bila yeye, vidonge vya presha vingekuwa vinapigana na chungu chetu, na chungu kingeshinda.

Mzee Kosmas hakuwa ndugu yetu. Mke wake na mwanawe wa pekee walikufa zamani, na hakuwa na mtu wa kumwita kwa chakula. Alisikia habari kwa Eusebia, akaja akasimama uani na ndoo zake. "Otmari, nataka mwenzangu wa njiani. Naongea peke yangu mpaka watu watanipeleka mimi hospitali."

Mjomba alicheka. Hatukuwa tumesikia kicheko chake siku nyingi.

Siku ya kwanza alifika kwenye kalavati tu, mita mia mbili, akakaa, anahema. Mzee Kosmas akakaa naye. Siku ya pili vilevile. Kosmas hakumwacha akatangulia, na hakumwambia jikaze. Alingoja. Kwa ajili ya kungoja huko maziwa yalichelewa, mara mbili yalikataliwa kituoni yakiwa yameshaganda, na wakubwa wa kituo wakamwambia njia yake atapewa mwingine mwenye pikipiki. "Mpeni," alisema, na kesho yake akaketi tena kwenye kalavati. Mwenye pikipiki hakupatikana. Mwezi wa pili walifika shuleni. Mwezi wa tano walimaliza nyumba zote ishirini.

Na sigara. Kosmas alipita kila nyumba akatangaza kwamba anayetaka kuni zipasuliwe ampe Otmari mayai, au parachichi, au chochote ambacho angempa mtu mwingine. Atakayempa sigara, maziwa yake hayatachukuliwa.

"Tangu lini Chizi akawa na msemaji?" aliuliza bwana mmoja mwenye ng'ombe watatu.

"Tangu leo. Na hayo yako leo nyweni wenyewe."

Bwana yule alikunywa maziwa siku nne, siku ya tano akamwita Mjomba, akampa maparachichi.

Haya ndiyo aliyofanya Mzee Kosmas. Bila yeye, Mjomba angekula mboga kwenye kigoda na sigara mkononi, na moyo wake usingejua tofauti.

Ilipita miaka miwili kasoro miezi minne. Mashine ikasoma mia moja ishirini na nane kwa themanini na mbili. Miguu ikawa miguu. Daktari wa hospitali alisema moyo umepata nafuu ambayo hakuitegemea. Dawa zote aliendelea nazo, za akili na za presha. Kisha Winfrida akajifungua mtoto wa kiume, na ugomvi ukaanza.

Msidhani waligombea upuuzi. Mama Mkubwa aliacha kuolewa mara ya pili ili amtunze mdogo wake, na kwa miaka kumi na saba hakuna aliyemwambia asante, kwa sababu dada akimtunza ndugu watu huona kama mvua kunyesha. Mzee Kosmas hakuwa na mtu wa kumzika, na somo huzikwa na ukoo. Nesi Eusebia, aliyekuwa ameketi pembeni siku hiyo, alikuwa na barua ya uhamisho kwenye mkoba. Mwezi mmoja baadaye angekuwa wilaya nyingine, na hapa kwetu asingebaki wa kumkumbuka, isipokuwa mtoto mmoja aitwe Eusebi.

"Mimi sigombei," alisema Eusebia. "Lakini mkiniuliza kama ningependa, ningependa."

"Tumekusikia, dada," alisema Mama Mkubwa. "Ila ulimpima mara moja. Mimi nimepika mara ngapi?"

"Asingepimwa mara moja hiyo, ungepika matanga."

Bibi alikuwa kwenye kiti chake. Hapo ndipo nami nikafungua mdomo. Nilisema, "Na Mjomba Otmari?"

Wote wakanigeukia. Mama Mkubwa akasema, "Mjomba wako ndiye aliyeokolewa. Tunaongelea waliomwokoa."

Kabla sijawaambia kilichofuata, ngojeni niwaambie jambo ambalo hawakulihesabu.

Mwaka jana wakati wa mvua, goti la Mzee Kosmas lilivimba akalala wiki mbili. Asubuhi ya kwanza Mjomba alichukua ndoo mbili akaondoka peke yake. Katika nyumba ishirini, kumi na nane zilikataa kumpa maziwa. Nyumba moja walimfungulia mbwa. Nyingine waliita watoto ndani. Watu walewale waliompa shoka akapasua kuni uani kwao, walisema hawawezi kumwamini na ndoo. Alirudi na maziwa ya nyumba mbili, suruali imechanika gotini. Kesho yake akaenda tena nyumba zote ishirini, na siku iliyofuata pia. Siku kumi na nne.

Nilimuuliza, "Mjomba, kwa nini unapita hata wasikokupa?"

"Eusebia alisema nitembee," alijibu. "Hakusema nitembee na maziwa."

"Na sauti? Hazikusumbui ukiwa peke yako?"

"Zinasumbua. Leo zinasema vidonge vya presha ni sumu, na kwamba Kosmas alishakufa mnanificha."

"Unafanyaje?"

"Naenda nazo. Zikichoka zinanyamaza."

Sigara aliivuta miaka kumi na mitano. Alipoiacha mikono ilimtetemeka mpaka akashindwa kushika kikombe, na Eusebia alimwita zahanati kila wiki kuangalia kama dawa za akili zinahitaji kupimwa upya. Sisi tulimwondolea sigara, ndiyo, lakini kutetemeka alitetemeka yeye. Na njaa ile haikuondoka. Dawa inayoileta hawezi kuiacha. Mimi nikishiba nimeshiba. Mjomba anasimama kutoka kwenye sahani moja akiwa bado na njaa, kila siku, mpaka leo, na anakwenda kukaa mbali na jikoni ili asisikie harufu. Nani kati yetu amewahi kufanya hivyo hata kwa wiki moja? Kwaresima tu tunanung'unika.

Kwa hiyo niliposema jina lake sikuwa natafuta huruma. Nilikuwa nahesabu.

Winfrida alitoka chumbani na mtoto. Alikuwa amesikia. "Mwanangu hatapewa jina la ugonjwa," alisema.

"Ugonjwa hausafiri kwa jina," alisema Eusebia.

"Husafiri kwa kitu gani?"

Eusebia hakudanganya. "Wakati mwingine unakuwepo kwenye damu ya ukoo. Wengi hauwafikii. Lakini kama ungemfikia, ungemfikia akiitwa Otmari, ungemfikia akiitwa Filbert. Jina halijui kitu."

"Jina halijui, watu wanajua," alisema Winfrida. "Mtoto akichekelea peke yake, watasema ni jina. Akipata homa akaweweseka, jina. Akitaka kuoa, wataulizana aliitiwa nani. Nesi, wewe unahama mwezi ujao. Sisi tunabaki na hawa walioko uani." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mjomba nampenda. Nilimfulia mimi nikiwa na mimba. Lakini kumpenda ni kitu changu, na jina atalibeba huyu ambaye hajaulizwa."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, kwa sababu kila alichosema kuhusu watu wale kilikuwa kweli. Nikawakasirikia wao. Walikuwa uani wamevaa vizuri, wanangoja wali, na hofu yao ilikuwa imeshaingia ndani kabla yao.

Mzee Kosmas alikuwa ameinamisha kichwa. "Zile wiki mbili," alisema polepole, "sikuwahi kumuuliza alizimaliza vipi. Nilijua tu kwamba alizimaliza." Lakini hakuna aliyesema kwamba anaacha kudai jina.

Ndipo tukasikia ndoo zikitua. Mjomba Otmari alikuwa amesimama mlango wa nyuma. Alikuwa ametoka kwenye mzunguko, ndoo zote mbili zimejaa, maana siku hizi wanampa, isipokuwa nyumba tatu.

"Otmari, baba," alisema Bibi, "umesikia?"

"Nimesikia tangu kwenye mibuni. Mnaongea kama mko mnadani."

"Basi sema wewe. Nani alikurudisha?"

Mjomba alifuta mikono kwenye suruali. "Eusebia asingenisikiliza, ningekufa nikiitwa mwongo. Dada asingebadilisha chungu, ningekufa nimeshiba. Mzee Kosmas asingeningoja, ningekufa nimekaa."

"Na wewe mwenyewe?" nilimuuliza.

"Mimi nisingenyanyuka, leo mngekuwa hapa mnabishana nani alinizika vizuri."

Mzee Kosmas alicheka kidogo. Mjomba alimwendea Winfrida, akamtazama mtoto bila kumgusa, kwa kuwa mikono ilikuwa na baridi ya asubuhi.

"Winfrida anaogopa, na anajua anachoogopa," alisema. "Hili jina nimetembea nalo, najua linavyofunguliwa mbwa. Silipendekezi, wala silikatai." Akamgeukia Bibi. "Nina ombi moja, mama. Ukiamua kuliita, uliite kwa sauti ileile ambayo ungemwita Kosmas. Ukiona utaliita kwa kunong'ona, mpe mtoto jina la hawa wengine. Wanastahili, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi."

Uani mtu mmoja aliuliza kama mtoto amelala, na mwingine akasema labda ni jina ndilo lililolala.

Bibi alinyanyuka. Alimchukua mtoto mikononi mwa Winfrida, akamfunika uso kwa kitambaa, akaenda mpaka mlango wa mbele akaufungua. Alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja juu ya ubao. Nyuma yake walisimama Eusebia, Mama Mkubwa, Mzee Kosmas na Mjomba Otmari, na Winfrida ameshika ukuta. Mbele yake majirani walikuwa wakisubiri.

Bibi alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuita, kisha akaishusha. Akatutazama sisi wa ndani, akawatazama wa nje, akasema:

"Linalovuka hapa ni jina moja, na likishavuka halirudi. Mikono yangu imechoka na mtoto anataka jua. Mmewasikia wote wanne, na huyu mama mnamwona anavyolia. Je, wewe uliyesimama hapo ungeamua vipi?"